Kufua Chuma Baada ya Saa za Kazi

Mgeni aingiapo Mji Mkongwe wa Zanzibar huonyeshwa kwanza milango. Huelezwa habari za nakshi, za mti wa msaji, za njumu za shaba zilizopangwa safu kwa safu. Ni nadra sana kuelezwa habari za chuma. Hata hivyo mlango ule usingefungika bila mnyororo na tumbuu yake, wala mbao zake zisingeshikamana bila misumari. Vitu hivyo vilitoka motoni, vikapigwa kwa nyundo, na aliyevipiga hakuacha jina. Siku hizi mnyororo ukikatika, mwenye nyumba hununua kitasa dukani, au humwita mchomeleaji akaunga kipande cha nondo juu ya chuma cha zamani. Mlango huendelea kufungika, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona kwamba kuna elimu iliyoondoka pamoja na mnyororo ule.

Elimu hiyo haitarudi kwa kuwategemea wahunzi peke yao, kwa kuwa idadi yao ni ndogo na watoto wao wengi wanatafuta kazi nyingine. Inafaa misingi ya uhunzi ijifunzwe na watu wasiotazamia kupata riziki kwayo: mwalimu, karani, muuguzi, mvuvi, mwanafunzi wa sekondari, kila mmoja kwa uraibu wake, jioni ya Jumamosi. Wapo watakaocheka. Katika nchi inayotafuta viwanda, mtu mzima akae mbele ya mvukuto kwa kujifurahisha? Lakini anayecheka pengine hajapata kushika koleo akakitazama chuma kikibadilika rangi.

Chuma baridi ni kigumu na kikaidi. Kikitiwa katika makaa na kuvuviwa, huanza kuonyesha wekundu wa giza karibu na nyuzi 600 za sentigredi. Hufika wekundu wa kukolea karibu na 800, kisha rangi ya chungwa, na kwenye nyuzi 1,100 hivi huwa manjano na hutii nyundo karibu kama udongo wa mfinyanzi. Kikipita hapo kikafikia weupe na kutoa cheche, kinaungua, na kipande hicho hakifai tena. Mwanafunzi aliyekariri darasani kwamba joto hubadili tabia ya maada huyaona maneno hayo yakitendeka katika muda wa kuhesabu hadi ishirini. Hujifunza pia kufanya kazi kivulini, kwa sababu jua la Unguja huificha rangi ya chuma na kumdanganya mwenye kukitazama.

Somo lililo zito zaidi ni la matiko. Chuma laini, kile cha misumari na kulabu, kina kaboni kidogo mno, pungufu ya robo ya sehemu moja katika mia. Springi ya lori ina zaidi ya nusu ya sehemu moja katika mia, na tofauti hiyo iliyo ndogo hivyo ndiyo inayotenganisha msumari na patasi. Springi ikipashwa moto hadi wekundu wa kukolea, mpangilio wa chembe zake hugeuka na kaboni huyeyuka ndani yake. Ikipozwa ghafula, kaboni hunaswa humo na chuma huwa kigumu kupita kiasi. Mhunzi mkongwe huutambua wakati huo kwa jicho. Anayeanza anaweza kutumia sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, kwani chuma kikifika nyuzi 770 hivi hakivutwi tena na sumaku. Kikishaacha kuvutwa, hupashwa kidogo zaidi, kisha hutoswa. Kwa gharama ya sumaku moja iliyotupwa, kijana wa Makunduchi ameshaingia katika fizikia ambayo vitabu huiweka mbele sana.

Chuma kilichotoswa hivyo huvunjika kama chupa. Ni lazima kipashwe tena, taratibu, baada ya kusuguliwa hadi king'ae. Hapo rangi hutembea juu yake: kwanza ya majani makavu, karibu na nyuzi 230, halafu hudhurungi, halafu zambarau, karibu na 280, na mwisho buluu, karibu na 300. Rangi hizo hutokana na ngozi nyembamba ya oksidi inayozidi unene kadiri joto linavyopanda, na mwanga huchezacheza ndani yake kama uchezavyo katika mafuta ya mashine juu ya maji ya bandari. Patasi husimamishwa kwenye zambarau. Kisu huwahi kabla ya hapo. Anayechelewa kidogo hupata chombo kisichokata, naye hana wa kumlaumu. Mahali pa kutoswa nako kuna hesabu yake. Maji ya bahari hupoza upesi kuliko maji ya kisima, kwa sababu chumvi huuvunja utando wa mvuke unaokizunguka chuma, na ubao mwembamba wa kisu unaweza kupasuka. Mafuta hupoza polepole zaidi, na kwa springi ndiyo yafaayo. Kisiwani hakuna haja ya kuyaagiza mbali, mnazi upo.

Unguja ina jambo lake ambalo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakiwezi kulitaja. Mawe yaliyopo kila mahali ni ya matumbawe, na anayeanza hushawishika kuyapanga yawe meko. Mawe hayo yakipata joto la kufulia chuma huanza kugeuka chokaa, kama yafanyavyo katika tanuu, na unyevu ukiyapata baadaye hufura na kuwa unga. Meko ya mhunzi hukandikwa kwa udongo. Fuawe inaweza kuwa kipande cha reli au cha ekseli nene. Koleo hununuliwa mara ya kwanza tu; la pili mwanafunzi hulifua mwenyewe.

Makaa ndiyo hoja iliyo ngumu kuliko zote. Mikoko na misitu ya kisiwa haiwezi kubeba uraibu mpya, na atakayekata mti ili afue kulabu ya kuning'inizia koti anastahili lawama. Makaa ya vifuu vya nazi huwaka kwa joto kali na huacha majivu machache, na vifuu hutupwa kila siku katika masoko na majiko. Pasipo vifuu, uhunzi wa kujifurahisha usianzishwe. Kadhalika mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yasitiwe motoni kabisa: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe humtia mtu homa na kichefuchefu. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, na kikoi cha nailoni kiachwe nyumbani.

Kazi hii si ngeni kisiwani. Katika Unguja Ukuu, bandari ya karne za kwanza za Uislamu, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi ya chuma. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika juu ya watu wa Malindi kwamba chuma kilikuwa biashara yao kubwa. Upareni na Usambara ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na ujuzi wake ulitunzwa ndani ya ukoo. Utaratibu huo wa kufichiana siri ulikuwa na faida katika zama zake. Leo ndio unaohatarisha ujuzi wenyewe, maana siri ambayo mrithi haitaki hufa pamoja na mwenyewe.

Mfano wa Buhaya unatosha. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za kale za kuyeyushia chuma magharibi ya Ziwa Viktoria, wakidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika katika makaa. Dai hilo lilizua mabishano marefu. Lakini wasingeweza hata kulitoa kama wazee wa Kihaya wasingekubali kujenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele yao, kazi ambayo ilikwisha achwa kwa miaka mingi kwa sababu ya chuma rahisi cha kigeni. Wazee walilazimika kukumbuka kwa mikono yao. Laiti watafiti wangechelewa kwa kizazi kimoja, kungekuwa na mabomba ya udongo yaliyovunjika na hakuna wa kueleza yalivyotumika.

Tangu 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mazungumzo ya kuuhifadhi aghalabu huhusu mawe, chokaa na boriti. Chuma nacho kinaliwa na hewa ya chumvi kila siku. Anayejua kutengeneza tumbuu moja kwa namna ya zamani anaweza kuokoa mlango mmoja. Watu hamsini wa namna hiyo, hata wakifanya kazi kwa saa chache, ni akiba ambayo hakuna bajeti inayoweza kuinunua kwa ghafula.

Inasemekana kwamba waraibu watawanyang'anya wahunzi soko. Hofu hiyo ina uzito mdogo: anayefua ulimi wa mbuzi wa kukunia nazi kwa Jumamosi tatu, akausaga meno kwa tupa mpaka vidole vikafa ganzi, hatashindana na fundi afuaye kadhaa kwa siku. Badala yake atajua kwa nini fundi anadai bei ile. Kinachotakiwa ni karakana zilizopo, za Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume huko Mbweni na za vituo vya mafunzo ya amali, zifunguliwe alasiri za Jumamosi, na mhunzi alipwe kama mwalimu, kwa saa, si kwa shukrani. Nyumba za Mji Mkongwe zenyewe hazifai kwa kazi hii: vichochoro ni vyembamba, boriti ni kavu, na jirani mwenye mtoto mchanga hatapenda mlio wa nyundo. Kwa kuanzia inatosha kuwa na meko moja ya udongo, gunia la vifuu, springi kuukuu ya lori, ndoo mbili, na mzee mmoja aliye tayari kuketi kando na kusema, bado, bado, sasa.