Msisubiri namba ya kidoleni ishuke

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, upande wa usingizi, na naomba kusema jambo linaloniuma. Mgonjwa mwenye uvimbe kooni anaweza kuonyesha oksijeni asilimia 97 kidoleni huku njia yake ya hewa ikikaribia kuziba. Namba hiyo hushuka mwishoni kabisa, na akishawekewa oksijeni ndiyo inachelewa zaidi.

Mtazameni mwenyewe. Anavuta pumzi kwa mluzi hata akiwa ametulia? Katikati ya mbavu panabonyea? Usiku analala ameketi? Kwa kawaida bomba la hewa likibaki na upana chini ya milimita 8, mtu huhema akipanda ngazi. Chini ya 5, huhema hata akiwa amekaa. Tena kipenyo kikipungua nusu, ugumu wa hewa kupita hauongezeki mara mbili tu: unafika mara 16, hata hewa ikipita kwa utulivu. Ndiyo maana damu kidogo, baada ya kukatwa kinyama cha kupimwa, inaweza kumwangusha mtu aliyekuja kwa miguu yake asubuhi.

Nilimwona mzee mmoja akilazwa chali apigwe picha ya CT, na alishasema hawezi kulala hivyo. Tulimwahi, alitobolewa shingoni kwa ganzi, akiwa macho, ameinuliwa mgongo. Jamani, mgonjwa akisema "siwezi kulala chali", liandikwe kwenye faili, na daktari wa usingizi na wa koo waitwe saa ileile, mpira wa kupumulia ukiwa bado unaweza kupita.