Kitabu Kimoja kwa Mwaka Mmoja



Sisi ambao leo tumo katika miaka ya thelathini tulikua pamoja na Harry Potter, na neno "pamoja" hatulitumii kwa mapambo. Kitabu cha kwanza cha J. K. Rowling kilitoka Uingereza tarehe 26 Juni 1997, na cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, tarehe 21 Julai 2007. Filamu ya kwanza ilianza kuonyeshwa mwaka 2001, ya nane mwaka 2011. Yatima huyo, aliyekuwa akilazwa katika kabati la chini ya ngazi nyumbani kwa dada wa mama yake, anaingia shule ya Hogwarts akiwa na miaka 11. Kila kitabu ni mwaka mmoja wa umri wake, na katika kitabu cha mwisho anatimiza miaka 17.

Kwa hiyo msomaji alilazimika kungoja. Baina ya kitabu cha nne, cha mwaka 2000, na cha tano, cha mwaka 2003, ilipita miaka mitatu. Katika muda huo sauti zetu zilibadilika, tulifanya mitihani, wengine tulizika wazee wetu. Kitabu kilipofika, kilimkuta msomaji ambaye si yule wa kitabu kilichotangulia.

Tunayakumbusha haya kwa sababu watoto wetu wanakutana na hadithi hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Filamu zote nane huingia katika flashi moja, na urefu wake kwa jumla haufiki saa ishirini. Mtoto wa miaka minane akiketishwa mbele ya televisheni Jumamosi asubuhi ili nyumba itulie, Jumapili usiku amekwisha kumaliza. Safari ambayo mhusika aliipita kwa miaka saba, yeye ameipita kwa siku mbili.

Hapo ndipo penye madhara. Hadithi hii ilikusudiwa iwe nzito kadiri msomaji anavyokua. Kitabu cha kwanza, katika chapa ya Uingereza, kina kurasa 223, na ndani yake mna vichekesho vingi na hofu kidogo. Mwishoni mwa kitabu cha nne mwanafunzi asiye na hatia anauawa. Kufikia cha saba ni vita kamili, na wanaokufa ni watu ambao msomaji amewapenda kwa miaka. Bodi inayopanga madaraja ya filamu nchini Uingereza iliitambua tofauti hiyo: filamu tatu za mwanzo ilizipa daraja linalotaka uongozi wa mzazi, ama tano zilizofuata, mtoto aliye chini ya miaka 12 hakuruhusiwa kuingia sinema bila ya mtu mzima. Sebuleni hakuna mlinda mlango. Mlinda mlango ni sisi wazazi.

Aidha, mtoto anayeishia kwenye filamu hukosa mambo ambayo filamu haikuyachukua. Kitabu cha tano ndicho kirefu kuliko vyote, kurasa 766, ilhali filamu yake ni ya dakika 138 tu. Katika yaliyoachwa mna kisa kimoja cha hospitali. Neville, mwanafunzi msahaulifu ambaye wenzake humcheka, amelelewa na bibi yake kwa kuwa wazazi wake waliteswa na maadui hata wakapotewa na akili. Siku ya sikukuu wenzake wanamkuta wodini bila ya kutarajia. Mama yake, aliyekwisha kuwa na mvi na asiyeweza kusema naye, anamjia amevaa gauni la kulalia na kumpa zawadi: ganda tupu la bigijii. Bibi anamwambia alitupe, kwani amekwisha kupewa mengi ya namna hiyo. Neville analitia mfukoni.

Katika habari ya kuwatendea wema wazazi, hatujui mandhari nyingi za vitabu vya watoto zinazofanana na hii. Kijana yule hapati chochote kwa mama yake isipokuwa ganda, naye analiheshimu kwa kuwa limetoka katika mkono wa mama. Mzazi akiisoma na mwanawe kisha akanyamaza kidogo, hatahitaji maelezo mengi. Aliyeitazama filamu peke yake hatajua hata kuwa jambo hilo limo hadithini.

Lipo swali ambalo wazazi huuliza, nalo ni la sihiri. Sihiri ni haramu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi kabla ya ukurasa wa kwanza, kama anavyoambiwa kuwa sungura wa ngano hasemi. Mzazi ambaye moyo wake hautulii na akaamua vitabu hivi visiingie kwake, hatumlaumu. Lakini mzazi anayekataza vitabu huku flashi ikizunguka mikononi mwa watoto hajakataza kitu.

Kwa anayeruhusu, nasaha yetu ni nyepesi: kitabu kimoja kwa mwaka mmoja. Mtoto aanze akiwa na miaka kumi au kumi na moja, asome, kisha baada ya kitabu ndipo aitazame filamu yake, tena mkiwa pamoja. Muulizeni kimeachwa nini, na kwa nini. Ikiwa Kiingereza kinamlemea, kaka au dada mkubwa asome sura moja baada ya Isha na kuwasimulia wadogo kwa Kiswahili. Nyumba zetu zilikuwa na paukwa na pakawa kabla ya kuwa na televisheni, na bibi zetu hawakumaliza ngano zote kwa usiku mmoja. Waliiacha nyingine ya kesho, nasi tukalala tukiifikiri.

Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa hadithi hii itatengenezwa upya kwa ajili ya televisheni, msimu mmoja kwa kila kitabu, kazi iliyopangiwa takriban miaka kumi. Maana yake wenye biashara yenyewe wamerudi kwenye mwendo wa pole. Basi nasi tusione tabu kumwambia mtoto wa miaka tisa aliyemaliza kitabu cha kwanza na kudai cha pili: kipo, kimehifadhiwa kabatini, na mwakani inshaallah utakuwa na miaka kumi.

Wabillahi tawfiq.