Sura Zetu, Jina Lake

Rafiki yangu anachora kwa plaiwudi. Mabaki ya plaiwudi, kusema kweli, yale ambayo fundi wa vitanda kule Makina anamwachia kwa bei ya chai. Anachora mabati ya Kambi Muru yakiwa yamelowa. Amemchora mathe wangu akikoroga uji. Amemchora mzee mmoja Mnubi anayekaa mlangoni kila jioni na redio yake, na ukiiangalia ile picha unaweza kuapa unasikia taarifa ya habari.

Mwezi uliopita shirika fulani (silitaji, nao hawakupanga kunitaja mimi) lilimpa kazi: sura kumi na mbili za Kibera, moja kwa kila mwezi wa kalenda. Nusu ya pesa mwanzo, nusu mwisho. Mimi niliitwa niandike maneno ya chini ya kila picha. Nikauliza majina ya hao watu kumi na wawili. Nikaambiwa majina hayahitajiki, niandike tu "mama mboga", "kijana wa mtaa", "mzee".

Nikakataa. Yeye akakubali. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri, na ndiyo maana naandika hii.

Mwambie Mkenya yeyote akutajie mwanamke aliyechora watu wa nchi hii. Wengi watanyamaza. Wachache watasema Joy Adamson, halafu papo hapo waanze kukuhadithia Elsa, yule simba. Kitabu cha Born Free kilitoka 1960, filamu ikafuata 1966, na kuanzia hapo simba akammeza mchoraji mzima mzima. Ila kabla ya Elsa kulikuwa na brashi. Alizaliwa 1910 akiitwa Friederike Victoria Gessner, katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Akaja Kenya 1937. Hata hilo jina la Joy alipewa na mume wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na ni katika ndoa hiyo alipoanza kuchora maua ya huku kwa umakini wa mtu anayeshona. Mwaka 1947 Waingereza wakampa nishani ya dhahabu kwa hayo maua.

Kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi kubwa: achore watu wa Kenya kabila kwa kabila, na mavazi yao na mapambo yao, kabla hayajapotea. Akazunguka nchi miaka kadhaa. Picha nyingi bado ziko Makumbusho ya Kitaifa hapa Nairobi, na mwaka 1967 akatoa kitabu, The Peoples of Kenya.

Nimeenda kuzitazama. Sitakudanganya, mkono wake ulikuwa mzuri. Shanga unaweza kuzihesabu. Ngozi ya shavu la mzee ina mwanga ambao huwezi kuuiga kwa simu. Nilisimama mbele ya picha moja mpaka askari akaanza kunitilia shaka.

Lakini angalia ile oda ilivyokuwa. Hakuambiwa amchore fulani binti fulani wa kijiji fulani. Aliambiwa achore makabila. Yule aliyesimama mbele yake amevaa ngozi na vipuli alikuwa sampuli, kama ua. Na sababu yenyewe, ati mila zinapotea! Kwani zilikuwa zinapotea zenyewe, kama ukungu wa asubuhi? Aliyelipia picha ndiye aliyekuwa analeta kodi ya kichwa, kipande na mipaka ya rizavu. Unavunja nyumba ya mtu kwa mkono mmoja, mkono wa pili unalipa mtu aichore vizuri kwa kumbukumbu.

Na katika mwongo huohuo serikali hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine ya sura. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya gakunia: mtu aliyevikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho, anatikisa kichwa na wewe umeenda. Wengine walipelekwa Manyani, wengine Mackinnon Road, wengine hapa Lang'ata, jirani zetu kabisa. Kwa hiyo mzee wa Kikuyu alikuwa na nafasi mbili za kutazamwa usoni na serikali. Kwenye karatasi nzuri, bila jina, au kwenye foleni, na jina lake likiandikwa na karani wa kambi.

Utaniambia mchoraji si askari. Sawa. Utaniambia bila yeye leo tusingejua vipuli vile vilikaaje sikioni. Hiyo pia nakubali, na inaniuma kukubali. Alikuwa mwanamke peke yake barabarani, katika nchi ya wanaume wa bunduki na wiski, na kazi yake haikuwa ya mchezo. Aliuawa Shaba, Januari 1980, na hata katika kifo watu walitangulia kusema ni simba. Simchukii. Naikataa ile oda, kwa sababu haikufa na ukoloni. Imebadilisha herufi za juu ya barua tu, sasa inakuja na fulana na maji ya chupa.

Tuna njia nyingine ya kumfuta mchoraji mwanamke, na hiyo tunaifanya wenyewe kwa upendo. Muulize msee wa sanaa habari za Rosemary Karuga. Ataanza na sabuni. Ataanza na vipakio vya Rexona na pakiti za unga, jinsi mama maskini alivyokosa rangi akakata karatasi za dukani akazibandika zikawa kuku, watoto na wanawake shambani. Hadithi tamu. Inatupa machozi na haituombi hata shilingi.

Mimi naanzia kwingine. Karuga alizaliwa 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Makerere, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Alijua rangi kabla baba zetu hawajazaliwa. Halafu akarudi nyumbani, akafundisha shule, akalea, na kazi yake ya sanaa ikaja kusimama tena miaka ya 1980. Hesabu mwenyewe: karibu miaka thelathini. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki 2021. Hiyo miaka thelathini ndiyo kashfa, wala si sabuni. Ukikata kipande chekundu cha Rexona na kukiweka penye shavu la mtoto ili shavu lipate jua, hiyo ni elimu inafanya kazi. Mbona tunaita umaskini?

Na mandhari je? Hapa mandhari maana yake ni mgunga mmoja, twiga wawili, jua linazama, hakuna binadamu. Theresa Musoke, Mganda aliyesomea Makerere na kuishi Nairobi miaka mingi baada ya kukimbia Uganda ya Amin, alichora wanyama hivi kwamba huwajui wanaanzia wapi na nyasi zinaishia wapi. Mtalii anayetaka twiga wa kubeba kwenye begi hawezi kumpata pale. Ndiyo sababu huoni kazi za aina hiyo kando ya barabara, unaona twiga. Rafiki yangu aliwahi kupeleka mabati yake yaliyolowa kwa muuzaji wa picha mjini. Aliulizwa kama anaweza kuongeza mtoto analia.

Nilipomwambia haya yote akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe uliacha chuo. Ukaacha kazi ya kalenda. Sasa unataka na mimi niache nini?" Sikuwa na jibu. Chuo niliacha mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, hilo analijua, na yeye ana kodi ya nyumba na mdogo wake yuko Form Three. Jina haliliki. Najua.

Lakini yule mzee wa redio si "mzee". Babu zake waliletwa hapa na jeshi la Mwingereza, wakapewa huu msitu, kisha serikali moja baada ya nyingine ikawaita maskwota, mpaka 2017 ndipo jamii yake ikapewa hati ya ekari 288. Miaka mia na zaidi ya kuambiwa huna karatasi. Leo unamweka Machi, juu ya tarehe, na unamnyima hata herufi tatu za jina lake? Na chini kwenye kona, nembo ya shirika, kubwa kuliko sahihi ya msichana aliyemchora.

Wewe unayesoma, kama umewahi kushea picha ya mtaa wetu ukaandika "hustle", umo humu pia.

Juzi usiku alinipigia. Picha tisa ziko tayari. Ameandika majina yote nyuma ya plaiwudi kwa maka peni, jina la baba na la ukoo, na mwaka, na jina lake mwenyewe. Nikamwambia wataipiga picha upande wa mbele, nyuma hakuna mtu ataona. Akanyamaza kidogo, nikasikia mvua kwa mabati yake na kwa yangu. Akasema kwenye redio ya mzee kuna nafasi, pale penye namba za stesheni, na brashi ndogo anayo.

"Herufi ngapi zitaingia?" nikauliza.

"Nimehesabu. Zote."