Chombo Chaenda Mbio: Je, Chajua Kuinuka?

Mwezi uliopita dadangu aliniita kwake Kilifi kwa jambo ambalo hakutaka kulisema katika simu. Nilimkuta mwanawe ametandaza mezani picha za mashua ya matanga ya futi 30, ya faibaglasi, zile ambazo wenyewe huziita yoti. Imetia nanga horini na inauzwa. Kijana ataka kuinunua kwa pesa za shamba la minazi la mamake, kisha apeleke watalii hadi Shelisheli, safari ya zaidi ya maili 900 za baharini.

"Mjomba," akaniambia, "hiki chombo hodari. Chakata maili 8 kwa saa!"

Mamake hata hakuzitazama picha. "Kakangu," akasema, "mimi sijui maili. Nataka kujua, kikipinduka, chainuka?"

Ndugu msomaji, nimekaa na manahodha miaka mingi na kuandika habari zao, na sijasikia swali lililo bora kuliko hilo. Wanunuzi wengi hawaliulizi. Huuliza mbio, huuliza vitanda vingapi, na kama jikoni mna jokofu.

Tuanze na hizo mbio. Chombo kizito kinachopasua maji hufungwa na urefu wake pale maji yanapokigusa. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, uzidishe kwa 1.34, nawe utapata mbio zake kwa maili za baharini kwa saa. Yoti hii ina futi 25 majini. Kipeuo chake ni 5. Jawabu ni 6.7. Basi hizo 8 zimetoka wapi? Nilimwuliza muuzaji alipima lini na akielekea wapi. Kumbe ni wakati wa Kusi, akitoka Mombasa kuja Kilifi, naye akasoma mbio zake katika kipimo cha setilaiti. Upepo ulikuwa nyuma yake, na mkondo wa pwani, ambao hukimbilia kaskazini, ulikuwa ukimbeba. Siku hiyo hata gogo la mnazi lingesifiwa.

Kwenda Shelisheli ni habari nyingine. Mahé iko mashariki yetu, imeinama kidogo kusini. Kusi hutoka kusini-mashariki, Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo pepo zote mbili humjia msafiri karibu na omo. Atakwenda joshi siku nane au tisa, chombo kimelala ubavu. Nilitoka na yoti hii nje ya mwamba asubuhi moja. Ina kifua kipana na bapa, ikawa yaruka na kuanguka kama mchi kinuni, na kila ikianguka mbio zapungua. Tulibisha mara nne. Nilipoutazama mnara wa msikiti ulioko pwani, ulikuwa karibu palepale.

Ama hilo la kupinduka, watu walijifunza kwa gharama kubwa. Mwezi wa Agosti 1979 yoti 303 zilitoka Cowes, Uingereza, kushindana kwenda mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland, na kurudi Plymouth. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 tufani likawakuta. Washindani 15 walikufa. Yoti 24 ziliachwa na mabaharia wake, na katika hizo 5 tu ndizo zilizozama. Zile nyingine zilipatikana baadaye zikielea. Isome tena hesabu hiyo. Walikuwako waliotoka katika chombo kilichosalia wakaingia katika boti ya mpira ambayo haikusalia.

Katika daraja la yoti ndogo kabisa zilianza 58, ikamaliza moja: Assent, ya aina ya Contessa 32, iliyochorwa na David Sadler. Ni chombo chembamba, kizito, ambacho ndani yake watu wanne hupigana viwiko. Uchunguzi uliofuata uliilinganisha aina hiyo na yoti nyingine ya mashindano ya siku hizo. Contessa ilikuwa bado yataka kuinuka hata ikilazwa takriban digrii 155, yaani karibu kugeuka kichwa chini kabisa. Ile nyingine ilikoma kama digrii 117. Ikipita hapo hutulia chali, mkuku juu, ikingoja wimbi jingine liirudishe.

Baada ya msiba huo kikaja kipimo chepesi ambacho mtu yeyote aweza kukifanya. Upana wa chombo kwa futi ugawanywe kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji ambayo chombo husukuma. Jawabu likizidi 2, ingia shaka. Contessa hupata kama 1.8. Hii ya mpwa wangu, yenye upana wa futi 11 na uzito wa tani 3.2, ilitoa 2.3. (Mimi chuoni nilisomeshwa kugawa mirathi, hesabu hizi hazinitishi.)

Wazee wa barazani walinicheka. Bahari, walisema, haipimwi kwa kalamu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Farumi ya mashua zetu za Lamu ni magunia ya mchanga, na mabaharia huyahamisha kwa mikono upande wa joshi. Ni ustadi mkubwa, nami naupenda. Lakini mashua hiyo ikipinduka, mchanga humwagika na chombo hakiinuki. Ujuzi wetu ni wa kuzuia kupinduka; wa kuinuka baada ya kupinduka hatuna, na tusijidanganye.

Wala sisemi kalamu yatosha. Kipimo kile hakijui uzito umekaa wapi. Tundika tani ya risasi juu ya mlingoti, nacho kitakusifu! Sisi washairi twayajua hayo: ubeti waweza kutimiza mizani zote na vina vyote, na ukawa maiti. Kadhalika cheti cha Ulaya kinachogawa vyombo kwa herufi A hadi D, A ikiwa ya bahari kuu. Hupewa chombo kipya. Miaka 25 ya jua na chumvi hakiijui.

Ndiyo maana nilipiga magoti ndani ya ngama na tochi. Bolti zinazoshika mkuku zilikuwa na michirizi ya kutu. Usukani ulicheza nilipoutikisa kwa mkono mmoja. Na huko Fastnet usukani uliovunjika ndio uliowamaliza wengi nguvu. Mlango wa kuingilia chumbani ulikuwa wa ubao mwembamba usio na komeo. Tangi la maji ni lita 120. Watu wanne, lita 3 kila mmoja kwa siku, siku 10: halibaki hata tone la kutawadhia.

Nilimwambia kijana yote hayo mbele ya mamake. Alinyamaza, kisha akasema vyumba vyake ni vizuri sana, na watalii watavipenda. Ni kweli, ni vizuri. Juzi usiku akanipigia simu: muuzaji amepunguza bei kwa robo. Nikamwuliza kama amekubali kuipandisha yoti nchi kavu ili fundi azitoe bolti mbili azitazame. Bado hajakubali. Pesa za minazi zimo sandukuni kwa dadangu, na ufunguo umo katika kanga yake.