Nyapara Bila Tofali

Kopo lenyewe liko pale mapokezi ya jimu, karibu na mizani, na tarakimu 2:1:1 zimeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Ukilifungua, harufu ya embe inakupiga puani. Ndani ni unga wa asidi amino tatu tu, kwa uwiano huo: lusini, isolusini na valini. Kocha wetu anazijua sifa zake kama tangazo la redio. Nimemsikiliza miezi kadhaa, leo namjibu.

"Hii inajenga misuli, kaka." Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Asidi amino 9 mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula, na hizi tatu ni miongoni mwao. Lusini kweli huamsha ujenzi wa misuli, lakini ni kama nyapara aliyefika saiti alfajiri akapiga filimbi: mafundi wamesimama, tofali ziko wapi? Zile sita zilizobaki hazimo koponi, kwa hiyo mwili unazibomoa kutoka kwenye misuli ileile tuliyoambiwa inajengwa. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma gramu 5.6 za asidi hizi. Ujenzi wa protini ya misuli ulipanda kwa asilimia 22 kuliko siku waliyokunywa kinywaji kitupu. Wauzaji huishia hapo. Hawasemi kwamba protini kamili ya maziwa, yenye kiasi kama hichohicho cha asidi tatu, ilikuwa imeshaonyesha ongezeko la karibu mara mbili. Tena kilichopimwa ni saa 4 baada ya mazoezi, si unene wa mkono baada ya miezi.

"Chakula peke yake hakitoshi." Glasi tatu za maziwa zina kama gramu 25 za protini, na karibu gramu 5 kati yake ni lusini na wenzake wawili, pamoja na zile sita ambazo kopo halina. Asiyekunywa maziwa ana makande. Mahindi yamepungukiwa lisini, mojawapo ya zile sita, maharage yanayo. Maharage yana methionini kidogo, mahindi yanafidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima chakula cha wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya: wanga asilimia 76.5, ugali ukiongoza, na protini asilimia 10.1 tu. Kwa uzito wao hiyo ilikuwa gramu 1.3 kwa kilo kwa siku, kiasi cha kutosha kabisa.

"Inafukuza uchovu." Nadharia yake inapendeza: triputofani, inayotengeneza serotonini inayodhaniwa kuleta uchovu, huingia kwenye ubongo kwa mlango uleule wa asidi hizi tatu, basi tuusonge mlango. Mwaka 1995 waendesha baiskeli walijaribiwa kwa zote mbili, triputofani na hizi tatu. Muda wa kuchoka haukubadilika.

Glutamini, asidi amino nyingine inayosifiwa kwa kinga ya mwili, sitaichelewesha. Baada ya marathoni hushuka kwenye damu, ni kweli, ila kuimeza hakujaonyesha kuizuia kinga isiyumbe. Kwenye maumivu ya misuli kesho yake baada ya mazoezi nampa kocha nusu pointi, kwani majaribio kadhaa ya zile tatu za koponi yameona nafuu kidogo.

Iko asidi amino moja yenye ushahidi wa maana, beta-alanini, nayo hata haimo kwenye kopo la embe. Gramu 4 hadi 6 kwa siku, kwa wiki kadhaa, humsaidia kidogo anayejituma kwa dakika moja hadi nne. Huchomachoma usoni, na wenzangu wakihisi hivyo husema "imeingia!" Kuchomachoma ni mishipa ya fahamu ya ngozi tu, si kipimo cha kitu.

"Ni asili, haina madhara." Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001. Vile 94 vilikuwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Na mkimbiaji akikutwa nazo kwenye mkojo, anayejibu ni yeye, si aliyemuuzia.