Kabla ya Mfano wa Hundi: Ilani ya Mashirika Yanayohudumia Vijana wa Pembezoni

Sisi ni mashirika madogo ya hisani ya Tanzania. Wengi wetu ofisi ni chumba kimoja cha kupanga, na tumeshazoea kuitwa wadau. Mdau hukumbukwa siku ya uzinduzi: anapewa kiti chini ya turubai, anapiga makofi mgeni rasmi akikabidhi mfano wa hundi, anapigwa picha, anaondoka. Tunaungana leo kudai kiti kingine, kile cha wakati bajeti ya halmashauri bado ni rasimu.

Fedha zipo. Tangu 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na hatusemi hivyo kwa adabu tu.

Lakini mtazame anayeufikia mkopo huo. Awe na kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na mradi unaoelezeka. Sasa mtazame binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akiwa mtoto, akafukuzwa akiwa na miaka 19. Au kijana aliyetimiza miaka 18 akaambiwa afungashe atoke kwenye makao ya watoto. Au yule aliyetoka gerezani wiki iliyopita. Kikundi ataunda na nani? Mwenyekiti wa mtaa hamjui, kwa hiyo barua ya utambulisho hapati. Cheti cha kuzaliwa hana, na bila hicho safari ya NIDA ni ndefu. Hivyo mkopo wa vijana huishia kwa kijana ambaye tayari ana pa kushika.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Uhakiki ulistahili. Ila kila fomu inayoongezwa ili kumzuia mjanja humzuia kwanza asiye na karatasi; mjanja karatasi anazo.

Kazi yetu ni hapo. Hatutaanzisha vimikopo vya kushindana na halmashauri. Tutampeleka kijana RITA kufuatilia cheti cha kuzaliwa, tutasimama naye foleni ya NIDA, tutakaa na kikundi kichanga mpaka wanachama wajuane tabia kabla ya kuomba hata senti moja, na baada ya mkopo tutapita gengeni na karakanani kuona biashara inakwendaje. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hawezi kuyafanya haya peke yake, hata akijaziwa mafuta ya pikipiki.

Kwa halmashauri tunasema: andikeni makubaliano nasi, na gharama za usindikizaji huo zionekane kwenye bajeti. Bandikeni kwenye ubao wa kata majina ya vikundi na kiasi kilichotolewa. Na tukisema kikundi fulani kimepita kwa undugu au kwa kadi ya chama, msituulize tunatumwa na nani.

Kwetu wenyewe tuna maneno makali zaidi. Tumefundisha vijana walewale kutengeneza sabuni mara tatu, mashirika matatu, mtaa mmoja, huku kata ya jirani haijaona hata mmoja wetu. Tumefanya semina hotelini kuhusu watu wasiokuwa na nauli ya kufika hotelini. Tumeuza sura za watoto kwenye mabango ili kuwapendeza wafadhili, na mradi ulipokwisha tumefunga mlango bila kuaga. Atakayeendelea na hayo hana nafasi humu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo hupanda kutoka kwenye kata miezi mingi kabla. Kazi ya kwanza ni kuhesabu, kata kwa kata, vijana wasio na cheti wala kitambulisho, na kuifikisha orodha hiyo kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla rasimu haijafungwa. Shirika linalotaka kujiunga lilete hesabu zilizokaguliwa na vijana wawili linaowahudumia. Kwenye vikao vyetu, hao wawili ndio watakaopiga kura. Mkurugenzi atasikiliza.