Rafiki wa Njiani na Mshenga

Katika Kibamba, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, jua likitua twawaona vijana waliovaa vizuri, mmoja mmoja au wawili wawili, wakitembea kutafuta wasichana wa kuzungumza nao. Hatusemi kwamba kijana kutafuta mchumba ni dhambi. Twachukia kutafuta kwa mtu asiyetaka kujulikana. Tena lawama kubwa twaiweka juu ya yule rafiki aandamanaye naye.

Zamani aliyekwenda kumsemea mwenziwe aliitwa mshenga. Alipiga hodi mchana, akataja ukoo wa kijana, akapeleka posa. Na kukitokea neno baadaye, ndiye aliyeitwa kujibu. Rafiki wa leo kazi yake nini? Humsifu mwenziwe kwa uwongo, huyasimamisha mabinti wa watu njiani, na mambo yakiharibika hupanda bodaboda akaenda zake, asema, "Mimi nalimsindikiza tu." Kusindikiza gani huko!

Wasomaji wakumbuke mtumishi wa Ibrahimu. Naye alisafiri kumtafutia Isaka mke, akamkuta msichana kisimani. Walakini alimwuliza ni binti wa nani, akaenda hata nyumbani kwao, akakataa kula chakula mpaka amekwisha kueleza alilotumwa. Amnoni naye alikuwa na rafiki, Yonadabu, mwenye hila nyingi. Na aliyeumizwa na shauri lake ni Tamari.

Akina Tamari wa kwetu, wengine ni wanafunzi. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu yamhukumu ampaye mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyezaa ameruhusiwa kurudi shuleni. Twaishukuru sana ruhusa hiyo. Lakini akienda darasani, mtoto hulelewa na bibi yake, na yule msindikizaji hapeleki hata kikombe cha maziwa.

Vijana hutujibu kwamba wakifika mlangoni, wazazi huwauliza habari za mahari kabla ya kuwauliza jina. Neno hili lina kweli, nalo ni aibu kwa nyumba za Kikristo. Basi twawaomba baba na mama wa Kibamba wamkaribishe kijana ajaye saa kumi alasiri pamoja na mwenziwe, wamwulize jina, kwao na kazi yake, na mahari wayaache mpaka wazee wake wafike. Na huyo mwenziwe naye aulizwe jina, liandikwe.